Kicheko Ndani ya Kanda

Mwishehe wa Abuu hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi, na mtaa wake wote pale Bagamoyo ulilijua hilo. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka kwanza aitazame mwenyewe. Ukimletea samaki, atamfunua matamvua mbele yako, hata kama wewe ni mkwewe. Maisha yake ya kazi aliyamalizia kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya mji, akiwa msimamizi wa majaruba ya kukaushia maji ya bahari, na huko alijifunza kwamba gunia la chumvi lina miguu. Asubuhi liko, jioni halipo, na kila mtu anaapa. Basi akajijengea tabia ya kumtazama mtu mikono wakati anaongea, kwa sababu aliona uso hujifunza uongo mapema kuliko mikono. Hata alipostaafu akawa wa kushinda nyumbani na mkewe, Bi Mardhiya, tabia hiyo haikumwacha.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukichunguza: Radi Sita.

Hao walikuwa vijana sita wa Dar es Salaam, wapiga magitaa ya umeme wa miaka ya sabini, enzi za suruali za bugaluu zilizofagia barabara na viatu vya raizoni vilivyomfanya mfupi awe mrefu. Bendi nyingine zilipiga dansi la adabu, la kumridhisha hata mzee aliyekaa na kofia yake mezani. Radi Sita walipiga roki. Gitaa la solo lililia kama bati linalochanwa, na dramu zilipigwa kama mtu anabomoa ukuta. Walizunguka mwambao, kisha wakagombana na kutawanyika kabla hawajarekodi hata santuri moja. Kilichobaki ni kumbukumbu za waliowaona, na kanda za wizi. Mtu alikuwa akiingia ukumbini na redio kaseti ameificha, anabonyeza, anatoka na muziki mzima bila wenyewe kujua. Rafiki ananakili, rafiki wa rafiki ananakili, mpaka sauti inakuwa kama inatokea chini ya mto wa usufi.

Wapenzi wa zamani wa bendi hiyo walikuwa na kundi lao la wasapu, Wana Radi, lenye watu kutoka Tanga mpaka Maskati. Wale wa Bagamoyo walikuwa na zaidi ya wasapu. Kila Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, walikusanyika kibarazani kwa Mwishehe. Alikuwepo Shamsudin, fundi cherehani mstaafu, ambaye alijisifu kwamba nusu ya bugaluu za mji ule zilipita mikononi mwake. Walikuwepo na wengine wawili watatu, wa kuja na kutoka. Bi Mardhiya aliwapelekea kahawa na kashata, akarudi ndani, pazia likashuka nyuma yake.

Mabishano yao yalikuwa yale yale. Mpiga solo alipiga gitaa kwa meno au alilibusu tu? Nani alikaa kwenye dramu safari ya mwisho? Na zaidi ya yote walibishana juu ya bugi la Idi Pili, mwaka sabini na saba. Bugi lilikuwa dansi la mchana, la vijana, la kuisha kabla wazazi hawajaanza kuuliza. Siku hiyo, katikati ya wimbo uitwao Hodi Mara Tatu, umeme ulikatika. Mwimbaji hakunyamaza. Aliimba kwa koo lake tupu, ukumbi mzima ukamwitikia, na umeme uliporudi gitaa likaingia pale pale lilipotakiwa kuingia. Wote waliokuwepo walikuwa wakilisimulia jambo hilo kama watu wanavyosimulia kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza. Wala hapakuwa na kanda yake. Hata moja.

"Afadhali," Mwishehe alikuwa akisema. "Ingekuwepo kanda, kila mtu angejidai alikuwepo."

Kisha huongeza, akipaza sauti kidogo ipite pazia: "Lakini wasichana wa maana hawakuwepo. Mimi sikuoa msichana wa bugi. Mwenzangu Idi ile alikuwa kijijini Fukayosi kwa bibi yake, anapepeta mpunga."

Aliisema kama sifa. Tangu walipooana alikuwa akiisema hivyo.

Basi siku moja akaingia mtu mgeni kwenye Wana Radi. Alijitambulisha kwa jina la Mikdad, mkazi wa Pangani, fundi wa majokofu. Aliwasalimia wazee vizuri, shikamooni na yote, akaandika kwamba marehemu baba yake, mzee Ramadhan, ameacha kanda kadhaa za Radi Sita, na kwamba amezisafisha sauti kidogo. Kisha, bila maelezo mengine, akatuma ya Idi Pili.

Kundi liliwaka moto. Watu wazima walituma sauti wakilia. Mtu wa Maskati aliandika kwamba amesimamisha gari pembeni ya barabara kuu. Shamsudin alikuja mbio kwa Mwishehe, kofia mkononi, wakakaa kibarazani na simu katikati yao kama mgonjwa. Wakasikiliza. Mlio wa watu, viti vikiburutwa, gitaa likijaribiwa. Kisha ule wimbo. Kisha umeme ukakatika, na ukimya mdogo, na sauti ya mwimbaji peke yake.

Hapo, karibu kabisa na kinasa sauti, msichana akacheka.

Kilikuwa kicheko cha namna yake. Kilianza kama kwikwi, kikakatika, halafu kikamwagika chote kwa mara moja. Sauti ya kijana wa kiume ikamnong'oneza, karibu vilevile: "Taratibu, mashine inasikia." Halafu ukumbi ukaitikia wimbo, na hayo mawili yakafunikwa.

"Subhanallah," Shamsudin alisema, macho yamemlowa. "Ni yenyewe."

Mwishehe alikuwa anatazama simu kama mtu aliyeona nyayo za mgeni ndani ya nyumba yake. Kicheko kile alikuwa amekisikia asubuhi ile, jikoni, paka alipoanguka kutoka dirishani.

Mtu hakubali jambo kama hilo kwa siku moja. Kwanza Mwishehe alimshuku Mikdad. Akamwambia Shamsudin kwamba siku hizi kuna akili mnemba, tarakilishi inaweza kumfanya maiti aimbe na bubu asome taarifa ya habari. Iweje kanda isisikike miaka yote hiyo, ije itokee leo, tena safi? Akaandika hivyo hivyo kwenye kundi: "Tujihadhari na kanda za kupikwa." Watu wakamrukia. Mikdad peke yake ndiye hakukasirika. Alijibu, "Una haki ya kuuliza, mzee wangu," na hilo likamkera Mwishehe kuliko matusi. Mtu mkweli, aliona yeye, angekasirika.

Kisha akaanza kusikiliza kwa visikizio. Alijifungia chumbani, akairudisha sehemu ile tena na tena, mpaka akaujua mpumuo unaotangulia kicheko. Tarakilishi inaweza kupika sauti, sawa, lakini ingeipata wapi sauti ya Mardhiya akiwa msichana? Nani angeipelekea?

Akaamua kumjaribu. Bi Mardhiya alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Mwishehe akaingia jikoni kama anatafuta maji, simu mfukoni, wimbo ukilia kwa sauti ya juu. Aliitazama mikono. Mikono ilikuwa inaenda, inaenda, na umeme ulipokatika ndani ya kanda, mikono nayo ikasimama. Kisha ikaendelea, kwa haraka kidogo kuliko mwanzo.

"Unaujua wimbo huu?" akamuuliza.

"Nyimbo zenu si zote ni hizo hizo?" Bi Mardhiya alijibu bila kuinua kichwa. "Nipishe mwanga, baba Yasmini, nitajikata."

Ilikuwa jibu la kawaida la mwanamke mwenye shughuli. Lakini Mwishehe alitoka na nazi ile moyoni. Usiku hakulala vizuri, na mchana hakula vizuri. Alikumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyapa uzito: kwamba Bi Mardhiya hukaa karibu sana na pazia siku za Ijumaa, kwamba mara moja Shamsudin alisema shati la mwimbaji lilikuwa jeupe na ndani kikombe kikaanguka, kwamba miezi ya karibuni amekuwa akitoka na simu yake uani kuzungumza, yeye ambaye zamani alikuwa akipiga kelele za simu mbele ya mtu yeyote.

Na yule kijana wa kiume? Aliyekaa karibu naye kiasi cha kunong'ona?

Siku ya Jumanne Bi Mardhiya alikwenda sokoni akaisahau simu kwenye kitanda. Mwishehe aliitazama ikiwa imelala pale juu ya kanga. Akajiambia kwamba hataigusa, na wakati anajiambia hivyo tayari alikuwa ameishika. Namba za siri mkewe hakuwa nazo, hakuwahi kuona haja. Kulikuwa na namba moja isiyo na jina, iliyopiga na kupigiwa mara nyingi, kuanzia kabla kanda haijatumwa. Mwishehe akaiingiza kwenye simu yake mwenyewe. Simu ikamletea jina, kwa sababu namba hiyo alikuwa nayo tayari, kwenye kundi.

Mikdad wa Pangani.

Akakaa kitandani. Sasa mambo yalikuwa yanaungana, tena vibaya. Ramadhan alikuwa na kanda. Mtoto wa Ramadhan anazungumza na Mardhiya kwa siri. Kijana anayenong'ona ni nani kama si Ramadhan? Na huyu Mikdad, amezaliwa lini huyu? Akahesabu, akaona aibu kwa kuhesabu, akahesabu tena. Yeye na Mardhiya walioana mwaka wa themanini. Mikdad aliwahi kusema kwenye kundi kwamba yeye ni wa themanini na nne. Hesabu haikumpa alichokuwa anakiogopa, lakini haikumpa na raha.

Hakumuuliza mkewe. Ndivyo alivyokuwa: msimamizi wa chumvi haulizi, anatega. Alimwandikia Mikdad ujumbe mtamu, akimwomba radhi kwa maneno ya kanda za kupikwa, akimkaribisha Bagamoyo Ijumaa ijayo, aje na kanda zenyewe wazee wazione kwa macho. Mikdad alikubali kwa furaha. Mwishehe alipomwambia mkewe kwamba kuna mgeni wa Pangani atakuja, Bi Mardhiya alikunja nguo aliyokuwa anaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Akaribie," alisema. "Nitapika pilau."

Mikdad alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na mfuko wa ngozi begani. Mtu wa makamo, mpole, mwenye kuchekacheka hata pasipo na la kuchekesha. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, na Shamsudin akamkumbatia kama mwanawe. Kanda zikatolewa, ndogo, zimechakaa pembeni, kila moja ndani ya soksi ya mtoto. Wazee walizipokezana kwa mikono miwili. Mwishehe hakushika hata moja. Alisubiri Bi Mardhiya alete kahawa. Alipoileta, mgeni alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

Basi. Hapakuwa na zaidi. Lakini watu wasiojuana hutazamana, na hawa wawili walikwepana macho, wakakwepana kwa ustadi wa watu waliopatana. Pazia likashuka. Mwishehe akaweka kikombe chini.

"Mikdad, mwanangu," alianza, "kanda hii ya Idi alirekodi baba yako?"

"Zilikuwa kwake, mzee. Alizitunza sana."

"Sikuuliza zilikuwa kwa nani. Nimeuliza nani alirekodi."

Mikdad akacheka kidogo, akaacha. "Baba hakuwa msemaji, mzee wangu. Mengine alikuwa hayasemi."

"Na mashine ilikuwa yake?"

"Nadhani... hapana. Hapana, haikuwa yake."

"Shekhe," Shamsudin aliingilia, "kanda tunayo, mwenye mashine wa nini? Mwache kijana anywe kahawa."

"Atakunywa." Mwishehe alikuwa anatazama mikono ya mgeni, na mikono ya mgeni ilikuwa inavuta uzi wa mfuko wa ngozi. "Kuna msichana anacheka pale umeme ulipokatika. Nyote mmemsikia. Ni nani?"

Bajaji ikapita, vumbi likatulia. Mikdad aliinua uso, na safari hii hakuchekacheka.

"Mzee, nisamehe. Hilo si langu kulisema."

"Si lako? Unalo kwenye simu yako, unalituma mpaka Maskati, halafu si lako?"

Pazia likainuka. Bi Mardhiya alikuwa na kisahani cha kashata mkononi, na kilikuwa kimetulia tuli.

"Ni mimi," alisema. "Aliyecheka ni mimi, na mashine ilikuwa yangu. Mjomba Khamis aliniletea kutoka melini. Nilikuwa naiingiza ndani ya buibui, nani angempekua mtoto wa kike? Hiyo ya Idi nilirekodi mimi. Na hizo nyingine mlizoshika, nazo zote mimi. Kashata hizi hapa."

Akakiweka kisahani, akaingia ndani.

Shamsudin aliitazama kanda iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba imemng'ata. Mtu mmoja akasema "La ilaha illallah" kwa sauti ndogo. Pilau haikuliwa vizuri siku hiyo. Wageni waliaga mapema, na Mikdad alipotaka kumpa Mwishehe mkono, Mwishehe alimpa, lakini mkono wenyewe ulikuwa kama samaki wa jana.

Walipobaki wawili, Mwishehe alitegemea kuombwa samahani. Alishapanga hata namna ya kuipokea, polepole, kwa masharti. Bi Mardhiya akamjia na jambo jingine kabisa.

"Ulijuaje kwamba nazungumza na Mikdad?"

"Nani amesema nilijua?"

"Ulimwalika mtu uliyemtukana. Nimeishi na wewe muda wote huu, sikujui? Ulishika simu yangu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mwishehe alijikuta anatazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi sijawahi kukufungia kitu," Bi Mardhiya alisema. "Kabati, simu, mlango. Nilikuwa na jambo moja tu la kwangu, nalo ulilifunga wewe. Kabla hata hatujaoana, ulikaa sebuleni kwa mama yako, nami nimetumwa kwenu, niko nyuma nasikia, ukasema humwoi msichana wa bugi. Nilikuwa na mashine chini ya kitanda. Ningefanya nini? Nikazitoa kanda nje ya nyumba, nikasema nimekwenda Fukayosi kupepeta mpunga. Nawe ukaupenda mpunga huo mpaka leo."

"Ulimpa Ramadhan."

"Nilimpa Ramadhan."

"Alikuwa nani wako?"

Bi Mardhiya akaenda kukusanya nguo. Asubuhi yake alikwenda Fukayosi kweli, kwa dada yake Mwaija, na hakusema atarudi lini.

Hapo ndipo Mwishehe alipoonja nyumba isiyo na mtu wa kumshuku. Yasmini, binti yao, alipiga simu kutoka Dar kuuliza hali, naye akamwambia mama yako ameenda shamba, mzima kabisa. Yasmini alisema, "Baba, umefanya nini?" na hakungoja jibu. Shamsudin alikuja, akakaa kwenye kona yake, akasema neno moja ambalo Mwishehe hakulitegemea.

"Mimi namkasirikia mkeo kwa jambo moja. Tumebishana juu ya meno na gitaa mpaka tumeota mvi, naye yuko nyuma ya pazia anajua, anatuletea kahawa!"

Kisha akainama karibu. "Lakini wewe unachotafuta si gitaa. Unatafuta kama huyo Ramadhan alimshika mkono. Haya, tuseme alimshika. Utamfukua Pangani?"

Mwishehe alimfukuza kibarazani. Kesho yake akaenda Fukayosi.

Alimkuta Bi Mardhiya uani kwa Mwaija, wanamenya mihogo. Mwaija alimwamkia shemeji yake kwa heshima yote inayostahili, akamwekea kigoda, kisha akakumbuka kuku wake na kutoweka. Mwishehe alikaa. Alichukua muhogo na kisu, akaanza kumenya, vibaya, anapoteza nusu ya nyama na ganda.

"Nilikosea kushika simu," alisema.

"Ulikosea."

"Na lile neno la sebuleni kwa mama, nilikuwa nataka kumfurahisha tu."

"Ulimfurahisha. Mimi ndiye niliyelala na njaa yake."

Walimenya kidogo. Kisha Bi Mardhiya, bila kuombwa, akaeleza. Ramadhan, fundi wa redio kutoka Pangani, alikuwa amepanga chumba kwa mjomba Khamis. Mashine ilipokuwa ikimeza kanda, yeye ndiye aliyeitengeneza. Siku za bugi alisimama mbele ya Mardhiya ili watu wasimsukume. Alileta posa, baba akakataa, kwa kuwa hakujulikana ukoo wake. Akarudi Pangani na kanda, akaoa, akazaa. Hawakuonana tena. Alipofariki, Mikdad alizikuta zile kanda, naye tangu utoto alikuwa akimsikia baba yake akiziita kanda za Mardhiya wa Fukayosi. Akaja kuuliza kijijini, akampata Mwaija, Mwaija akatoa namba.

"Aliniuliza azichome au azitoe. Nikamwambia watu wasikie, jina langu aliache. Nilifikiri nitawasikia mkifurahi, basi. Sikujua masikio yako bado mazima hivyo."

Mwishehe aliuliza lile lililomleta. Alilizunguka, akalikaribia, mwisho akalisema.

"Ulimpenda?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Bi Mardhiya alisema. "Nilipenda vitu vingi. Nilipenda mashine ile kuliko mtu yeyote. Ukitaka jibu jingine, sina, na ukiendelea kulitafuta utanikuta hapa hapa kwa Mwaija nikiwa bibi wa miaka tisini."

Alirejea Bagamoyo baada ya mavuno ya mihogo kuisha, wala si siku moja kabla. Mwishehe hakumharakisha. Alikuwa amepaka chokaa ukuta wa kibaraza na kununua kiti cha plastiki chenye mikono, akakiweka upande wa ndani, karibu na mlango, bila kusema ni cha nani. Ijumaa ya kwanza Bi Mardhiya alipeleka kahawa kama kawaida, akakitazama kile kiti, akarudi ndani. Ijumaa ya pili alifanya hivyo hivyo. Ya tatu alikaa ukingoni tu, kama mtu anayengoja kuitwa na chungu jikoni, na Shamsudin, ambaye alikuwa anatetemeka kwa hamu, akauliza kuhusu meno.

"Hakupiga kwa meno," Bi Mardhiya alisema. "Uzi wa gitaa ulikatika, uliobaki akaukata kwa meno. Na shati la mwimbaji halikuwa jeupe, lilikuwa la rangi ya maziwa."

Shamsudin alipiga goti lake kwa kofi. "La maziwa! Kitambaa kile nilikiuza mimi!"

Mikdad naye alikuja tena, mara mbili tatu, akiwa amesafisha sauti ya kanda nyingine. Mwishehe alimpokea, akamkarimu, akamwita mwanangu. Lakini hakuna aliyeweza kumzuia, kijana alipoinama kurekebisha spika, asiitazame ile shingo na mabega na kujiuliza kama baba yake alisimama hivyo, mbele ya msichana mwenye buibui, akimkinga na umati. Swali hilo lilikuwa limefanya makazi ndani yake. Hakulilisha, lakini hakulifukuza.

Siku waliposikiliza kanda ya bugi la Pangani wote walikuwepo. Bugi hilo hakuna mwanamume yeyote pale kibarazani aliyewahi kulihudhuria. Kanda ilianza kwa upepo na watu wakibishana kuhusu waya. Bi Mardhiya alisogea nyuma kitini, safari hii akakaa kitako hasa, akaanza kuwaeleza ukumbi ulivyokuwa, jukwaa la mbao za masanduku ya samaki, na jinsi jenereta ilivyotoa moshi mpaka wapiga vyombo wakawa hawaonekani.

"Ala!" Shamsudin alisema. "Na huko Pangani, mtoto wa kike, ulifikaje? Ulikwenda na nani?"

Mikdad aliinamia spika iliyokuwa haina tatizo. Katika wote waliokaa pale, hakuna aliyelitaka jibu lile kama Mwishehe. Bi Mardhiya akageuza uso, akamtazama mumewe, na mikono yake ilikuwa imelala wazi juu ya mapaja, haifichi wala haitoi kitu.

"Muulize ya muziki, Shamsu," Mwishehe alisema. "Mengine mwache."

Bi Mardhiya alingoja kidogo, kama mtu anayehakikisha amesikia sawa. Kisha akawaambia kwamba walichelewa kuanza, kwa sababu mpiga besi alikuwa amekanyaga nungunungu wa bahari asubuhi ile, na alipiga dansi zima akiwa amekaa kwenye ngoma ya mtu, mguu mmoja ndani ya ndoo ya maji ya moto ili miiba itoke.

"Msikilizeni," alisema, akainua kidole. "Hapo. Hapo ndipo maji yalipomchoma."